Ripoti ni Bure, Nauli ni Juu Yako

Daftari ni la mtoto wa shule, la kurasa 48. Upande wa mbele umejaa hesabu zake za kugawanya, za gredi ya nne. Ukilipindua ukaanzia nyuma ndipo unapokutana na hesabu za mama yake. Ameziandika kwa safu mbili, kama anavyoandika madeni ya wateja wanaompa nguo za kufua: kushoto jambo, kulia pesa. Siku ya kwanza: tuktuk kwenda na kurudi, 200, kadi ya hospitali, 100, picha ya mkono, 800, dawa ya maumivu, 350. Siku ya pili: tuktuk, 200, kuchapisha P3, fomu ya polisi ya majeraha, saiba na kutoa kopi, 60. Siku hiyo fomu zilikuwa zimekwisha kituoni, akaambiwa akachapishe mwenyewe, na alipofika hospitali daktari wa kuijaza hakuwepo. Siku ya tatu: tuktuk, 200, daktari, 1,000. Siku ya nne: tuktuk, 200, mafuta ya gari, 500. Gari hilo si lake, ni la kwenda kumkamata mumewe. Chini amepiga mstari akaandika 3,610.

Nilikuwa naye siku mbili kati ya hizo nne. Tunakaa mtaa mmoja hapa Mombasa. Jina lake silitaji, wala la kituo tulichokwenda, wala la hospitali. Nilimuuliza mbona hakuandika siku alizokosa kazi. Huwa anafua majumbani kwa shilingi 500 kwa siku. "Hizo dada si pesa nilizotoa," akanijibu, "ni pesa ambazo hazikuja." Tukaziandika hata hivyo: siku nne, 2,000. Jumla ikawa 5,610, ambazo ni zaidi ya siku kumi na moja za kufua, kwa huduma ambayo kisheria hailipiwi hata senti.

Na kweli hailipiwi. Kuandikisha taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, ni bure. Fomu ya P3 hutolewa bure. Simu ya 999 au 112 ni bure, na ile ya 1195, ambayo ni ya dhuluma za kijinsia hasa, inapokewa usiku na mchana bila malipo. Huwezi kuingia kituo chochote Kenya ukakuta bango la bei ya kumshtaki mume anayekupiga. Bei iko njiani: kati ya nyumba na kituo, kati ya kituo na hospitali, kati ya leo na ile kesho unayoambiwa urudi. Hiyo ndiyo bei ninayotaka kuipigia hesabu hapa, kwa sababu naona tunaijadili kama kero ndogo ilhali ndiyo inayoamua kesi nyingi kabla hakimu hajaziona. Mwanamke akishindwa kuilipa, haifutiki. Huhamia kwa mtu mwingine, na huko ilikohamia huwa imeongezeka.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Asilimia 16 yaliwapata hayo ndani ya miezi 12 kabla ya kuhojiwa. Asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa wale waliowahi kuolewa au kuwa na mwenza, anayetajwa zaidi kuwa ndiye mpigaji ni mume au mwenza wa sasa, na anayemfuata ni wa zamani. Wanaume nao waliulizwa, na asilimia 27 walisema wamewahi kuumizwa mwilini tangu umri huo huo. Hilo lina makala yake.

Utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuwa umekuta asilimia 45 ya wanawake. Kutoka 45 hadi 34 kwa miaka minane si jambo dogo, na sipendi hesabu zinazoficha habari njema ili mambo yaonekane mabaya zaidi. Lakini asilimia hujificha nyuma ya ulaini wake, kwa hiyo tuigeuze iwe watu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, wanawake wakiwa milioni 24. Wale wa miaka 15 hadi 49 ni kama milioni 12. Asilimia 16 ya milioni 12 ni milioni moja na laki tisa. Gawanya kwa siku 365: wanawake zaidi ya 5,000 kila siku, hata kama kila mmoja umemhesabu mara moja tu kwa mwaka mzima. Uwanja wa mpira wa mtaani ujae leo, kesho ujae wengine.

Sasa weka kando yake namba ya polisi. Novemba 2024 serikali ilitangaza kwamba tangu Septemba 2023 polisi walikuwa wameandikisha kesi 7,107 za dhuluma za kingono na za kijinsia. Hizo ni kama kesi 17 kwa siku. Elfu tano upande mmoja, kumi na saba upande wa pili.

Ulinganisho huu uchukuliwe kwa uangalifu, na sababu ya uangalifu huo yenyewe ni sehemu ya tatizo. Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inaeleza dhuluma hizo kwa mapana mazuri: kipigo, matusi, vitisho, kufuatwafuatwa, kunyimwa pesa. Lakini kosa la jinai inaloliunda si kumpiga mke. Ni kuvunja amri ya mahakama iliyotolewa kumlinda. Kumpiga kwenyewe kumebaki ndani ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251, kosa la kushambulia na kusababisha madhara ya mwili. Ndiyo maana mke aliyepigwa jikoni na mlevi aliyepigwa chupa baa wanaweza kuingia kwenye kitabu kwa jina moja la kosa. Mtu akitaka kujua ni wangapi waliopigwa na waume zao mwezi uliopita, lazima asome maelezo ya kila tukio, mstari kwa mstari. Na kitu ambacho hakina safu yake kitabuni ni vigumu kukitengea pesa, gari au askari.

Kuna namba moja ambayo haina utata wa safu. Kati ya Agosti na Oktoba 2024, kwa hesabu ya polisi wenyewe, wanawake 97 waliuawa. Miezi hiyo mitatu ina siku 92.

Nirudi kwenye fomu, kwa sababu watu wengi wanaitamka P3 kila siku bila kuwahi kuisoma. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi: jina la mlalamishi, tukio, tarehe, ombi kwa daktari. Sehemu ya pili ni ya daktari, na humo mna swali ambalo nililisoma mara mbili nilipolikuta: umri wa majeraha. Kwa saa, kwa siku, au kwa wiki. Jeraha lina umri, na kila unapoambiwa "njoo kesho" linazeeka. Jirani yangu alipigwa Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi mkono ulikuwa umevimba hata kidole hakikunjiki, na alama ya buluu ilitoka kiwiko hadi karibu na bega. Fomu ilijazwa Jumatano. Uvimbe ulikuwa umeshuka, ile buluu imeanza kuingia manjano pembeni. Daktari alikuwa mtu mwema, alimpima taratibu, lakini aliandika alichokiona, na alichokiona ni mkono wa siku tatu.

Chini zaidi daktari hutakiwa kusema jeraha ni la kiwango gani: dhara la kawaida, dhara kubwa, au la kulemaza. Neno hilo moja ndilo linaloelekeza shtaka. Kwa kifungu cha 251 adhabu ya juu ni miaka mitano. Kwa kifungu cha 234, dhara kubwa, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Katikati ya vifungu hivyo viwili kuna daktari mmoja mwenye kalamu na jeraha linalopona. Simaanishi kwamba mkono wake ulistahili kuitwa dhara kubwa. Mfupa haukuvunjika, picha ilionyesha. Ninachosema ni kwamba shilingi 200 za tuktuk ya siku ya pili zilipotea bure, na siku nzima ya ushahidi ikapotea pamoja nazo.

Mbona daktari wa P3 huwa mmoja, na mbona huwa hayupo? Niliuliza. Jibu nililopewa na muuguzi ni la kueleweka: anayejaza fomu ndiye anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi, na kwenda mahakamani ni siku nzima imetoka wodini, pengine kwa kesi itakayoahirishwa. Kwa hiyo wengi huikwepa. Na zile shilingi 1,000 hazikuwa za fomu. Aliambiwa ni za uchunguzi. Kwa mtu anayefua nguo tofauti hiyo haipo.

Ndiyo maana ningemshauri yeyote anayenisikia aanze na hospitali. Matibabu hayasubiri OB wala P3. Daktari wa zamu akishakuona na kuandika kwenye kadi yako kile alichokiona, saa na tarehe zikiwemo, jeraha lako limeshapata cheti cha kuzaliwa, na maandishi hayo yanaweza kutegemewa baadaye fomu itakapojazwa. Mtu akupige picha, uso na jeraha vionekane pamoja. Kwa aliyelazimishwa kimapenzi saa zina uzito zaidi: dawa za kuzuia HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge, na nguo aliyokuwa amevaa asiifue. Aitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Hapo kuna jambo ambalo wake wengi hawalijui na polisi wengine hawalisemi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imewatoa wanandoa waliooana kisheria kwenye kifungu chake cha vitendo vya makusudi na visivyo halali, kwa hiyo mke akienda kituoni kusema mumewe amembaka atakuta mlango mzito. Lakini sheria ile ya 2015 imeutaja waziwazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni dhuluma ya nyumbani. Kile kisichopita kituoni kama kosa kinaweza kupita mahakamani kama sababu ya kupewa amri ya ulinzi.

Turudi kwenye pesa, tutoke kwenye daftari twende kwenye hesabu ya nchi. Mwaka 2016 Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ilitoa utafiti wa gharama za dhuluma za kijinsia kwa manusura wenyewe. Kwa wastani, mwathiriwa na familia yake walikuwa wakitumia shilingi 16,464 kwa mambo ya matibabu peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mshahara wa chini kabisa wa kibarua jijini Nairobi ulikuwa haujafika elfu 11 kwa mwezi. Ni mwezi mmoja na nusu wa jasho, na hapo hujala.

Kisha tume ikapima kile ambacho rafiki yangu alisita kukiandika, pesa ambazo hazikuja. Kwa jeraha dogo, kazi iliyopotea ni ya shilingi 18,623. Kwa jeraha baya, 223,476. Kwa kifo, shilingi milioni 5.8, ambazo ni kazi ya miaka ambayo marehemu angeifanya. Soma tarakimu hizo kwa mfuatano: kutoka jeraha dogo hadi jeraha baya gharama inapanda mara kumi na mbili, na kutoka jeraha baya hadi kaburi inapanda mara ishirini na sita. Mpigaji haanzi na kaburi. Huanza na kofi, na siku ya kofi ndiyo siku msaada ulipokuwa rahisi kuliko siku zote.

Ukijumlisha yote, tume ilisema, nchi hupoteza kama shilingi bilioni 46, asilimia 1.1 ya pato lote la taifa. Ni karibu shilingi 1,000 kwa kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana. Mwishoni mwa 2024, baada ya yale mauaji 97, Rais alitangaza shilingi milioni 100 za kampeni dhidi ya dhuluma hizi. Pesa yoyote inayokwenda huko ni pesa njema, nami siidharau. Ila bilioni 46 ni milioni 100 mara 460, tena kwa shilingi ya miaka ya nyuma ambayo ilikuwa na nguvu kuliko hii ya leo.

Sasa siku ya tano, ambayo haimo kwenye daftari. Walikuja kaka zake mume wawili, na mzee wa mtaa, na shangazi mmoja mtu mzima sana ambaye hakuna anayethubutu kumkatalia. Walikuja na maneno laini na shilingi 3,000. Sulhu, walisema, tusifikishane mbali, watoto wanaangalia. Askari waliokuwa wamepewa pesa ya mafuta walikuwa hawajaenda bado kumkamata mtu. Mzee wa mtaa akamwambia, "Mwanangu, ukimfunga huyu, kodi ya nyumba utailipa wewe?" Na hilo halikuwa tisho. Lilikuwa swali la hesabu, na yeye ni mtu anayejua hesabu. Ameshatoa 5,610, akiendelea, mbele kuna nauli nyingine za kwenda mahakamani, kila kesi inapotajwa na kila inapoahirishwa. Akikubali, mkononi kuna 3,000 leo. Alikubali. Alitoka na hasara ya shilingi 2,610 na mume yuleyule.

Najua wako watakaosema alilegea. Mimi sikubali. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi: kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kushambuliana na mengine ya kibinafsi. Sulhu ni jambo jema pwani hii, tumelelewa nalo, na ugomvi mwingi wa majirani umezimwa hivyo bila damu. Lakini sulhu inataka watu wawili waliosimama sawa. Mmoja akiwa ameshatumia siku kumi na moja za kazi kufika hapo na mwingine hajatumia hata nauli, wanaopatana si sawa.

Swali la kodi lina undani wake. Mtu akikamatwa leo, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na anayo haki ya dhamana. Hiyo ni haki njema, naitetea, hata kwa wapigaji. Ila hesabu ya mke ni hii: nina kama siku moja kabla hajarudi, amekasirika kuliko alivyoondoka, na funguo anazo. Usiku ulio ghali kuliko yote ni ule unaofuata baada ya kuripoti. Nyumba za hifadhi ni chache, na kwa wengi hifadhi ni mkeka sebuleni kwa dada, watoto wanne wakiwa wamejipanga kama samaki, mpaka dada naye achoke.

Hapa ndipo amri ya ulinzi inapostahili kuzungumzwa kuliko inavyozungumzwa. Kwa sheria ya 2015, mahakama inaweza kutoa amri ya muda bila kungoja kumsikiliza mume kwanza. Inaweza kumzuia asimkaribie mlalamishi. Inaweza kumtoa mume kwenye nyumba wanayokaa pamoja, hata kama mwenye kodi au mwenye hati ni yeye peke yake. Na akiivunja, adhabu ni faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Polisi nao wamewekewa wajibu mahususi: anayekuja kulalamika aelezwe haki zake, hifadhi na matibabu yakiwemo, na jinsi ya kufungua mashtaka, na akitaka taarifa yake ichukuliwe na askari wa jinsia yake, ana haki hiyo. Katika siku zetu mbili kituoni hakuna aliyetaja neno amri ya ulinzi.

Sisemi hivi kuwasimanga askari wote. Dawati la jinsia la kwanza nchini lilianza kituo cha Kilimani, Nairobi, mwaka 2004, na pale tulipokwenda dawati lilikuwepo: meza moja, askari mmoja mwanamke, na foleni moja ya waliopigwa, waliopoteza vitambulisho na waliokuja kumwona mahabusu. Alitusikiliza vizuri. Ndiye aliyeandika namba ya OB kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia kwenye mkono wa mama kama anayempa mtoto pesa ya shule, akasema, "Hii usiipoteze, bila hii mimi sikujui." Aliyetaka mafuta si yeye. Lakini gari kweli lilikuwa limekaa uani, na sina sababu ya kuamini kwamba tangi lilikuwa limejaa. Bajeti isipofika kituoni, anayeifidia ni mlalamishi.

Na hiyo mia tano ni rahisi sana ukiiweka karibu na gharama ya kushindwa. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya manusura wanane wa ukatili wa kingono wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Ilikuta kwamba serikali ilikiuka haki za wanne kati yao, na kila mmoja akapewa fidia ya shilingi milioni 4. Miaka saba kabla yake, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imesema kwamba polisi kutochunguza malalamiko ya wasichana waliobakwa ni ukiukaji wa Katiba. Milioni 16 za wale wanne ni safari 32,000 za mafuta ya shilingi 500.

Hata anayeweza kuilipa bei hiyo hana uhakika. Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Paris tarehe 11 Agosti 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia, tarehe 1 Septemba mwaka huo, na akafariki siku nne baadaye Eldoret. Familia yake ilisema walikuwa wamemripoti mshambuliaji wake kwa polisi si chini ya mara tatu, mara ya mwisho ikiwa tarehe 30 Agosti. Kati ya ripoti hiyo na moto kuna siku mbili. Yeye hakuwa maskini wa nauli. Alilipa bei ya njiani mara tatu.

Kuna namba moja inayonipa tumaini la kiasi. Februari 2020 simu ya 1195 ilihudumia kesi 86. Juni mwaka huo, katikati ya vikwazo vya korona, zilikuwa 1,108, karibu mara kumi na tatu. Sehemu kubwa ya ongezeko ni watu kufungiwa na wapigaji wao, sina shaka. Lakini namba hiyo inaonyesha na jambo la pili: mlango usiotaka nauli, usiotaka ruhusa ya kutoka, usiofunga jioni, wanawake wataugonga kwa maelfu. Walikuwa hawangojei ujasiri. Walikuwa wanangoja mlango wa karibu.

Mume alimpiga tena, wiki ya sita baada ya sulhu. Safari hii alikwenda hospitali usiku uleule, na saa imeandikwa kwenye kadi: saa nne na dakika kumi. Kituoni alitoa namba ya OB ya kwanza, ile aliyoambiwa asiipoteze, akaomba ya pili iandikwe ikitaja ya kwanza. Hakungoja gari. Asubuhi tulikwenda mahakamani akaomba amri ya ulinzi, na ya muda akaipata. Risiti zote amezibana kwa pini ndani ya daftari, kwa sababu sheria ile ile inamruhusu kudai fidia ya gharama za matibabu na ya mapato aliyopoteza, na mahakama haitamlipa kwa kukumbuka. Safu ya tatu imeongezwa, ya siku za kazi. Mstari wa mwisho nilioona unasema: kopi tatu za amri, 30. Moja yake, moja ya kituo, moja ameibandika nyuma ya mlango, juu ya mwiko wa sima.

Kesi bado haijaisha. Mtoto anaendelea na hesabu zake, sasa ni za sehemu na desimali, amefika ukurasa wa 31. Mama akitokea nyuma amefika wa 40. Kati yao zimebaki kurasa nane tupu.